Nguruwe Wakianza Kufa, Usimwite Mnunuzi

Tuseme umeamka alfajiri, ukachukua debe la chakula ukaenda bandani kama ilivyo desturi yako. Siku zote nguruwe huanza kupiga kelele mara wasikiapo mlango wa jikoni ukifunguliwa. Leo ni kimya. Unachungulia ndani, na mama nguruwe amelala pembeni hataki kuinuka, na wale watano unaowanenepesha wamejirundika pamoja kama watu wanaoona baridi, ingawa jua limekwisha kuchomoza. Wa sita amekwisha kufa. Masikio yake na ngozi ya tumbo vimegeuka rangi ya zambarau.

Kabla hujamaliza kufikiri, simu yalia. Ni mchuuzi wa nyama uliyemwuzia mara mbili tatu huko nyuma. Usiulize habari zimemfikia kwa njia gani. Habari za kifo cha nguruwe huenda upesi kuliko basi la Thika. Asema yuko tayari kuwachukua wote waliobaki, leo hii, kwa nusu ya bei, na gari lake limekwisha kuwashwa.

Mkulima, makala haya yameandikwa kwa ajili ya saa hiyo. Mtu akiisha kuingiwa na hofu ya kupoteza mali yake hasikii shauri la mtu. Basi ni afadhali tuzungumze sasa, nguruwe wako wakiwa wazima na moyo wako umetulia.

UGONJWA ULIOANDIKWA KWANZA HAPA KWETU

Dalili tulizozieleza ni za homa ya nguruwe ya Afrika. Si ugonjwa ulioletwa juzi kutoka ng'ambo. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, na daktari wa mifugo aliyeitwa R. Eustace Montgomery, katika maandishi yake ya mwaka 1921, baada ya kuuchunguza kwa miaka kadhaa katika mashamba ya walowezi. Nguruwe walioletwa kutoka Ulaya walikufa karibu wote walipopatwa, lakini nguruwe wa porini waliishi na ugonjwa huo pasipo kuonyesha dalili yo yote. Hiyo ndiyo siri yake mpaka leo. Ngiri na nguruwe mwitu waubeba, wala hauwadhuru. Nguruwe wa bandani ukimpata, haumwachi.

Jambo la pili lilifahamika baadaye, na tena wataalamu wa Muguga, hapa hapa Kiambu, walikuwa na mkono katika kazi hiyo. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walionyesha kwamba papasi wanaokaa katika mashimo ya ngiri huko Tanzania walikuwa na virusi vya homa hii ndani ya miili yao. Plowright huyu ndiye yule aliyetengeneza chanjo ya sotoka ya ng'ombe, na sotoka imekwisha kabisa duniani tangu mwaka 2011. Lakini homa ya nguruwe haikukubali kushindwa kwa njia ile.

Ulimwengu nao umeionja. Mwaka 1957 iliingia Ureno, karibu na Lisbon, kwa makombo ya chakula kutoka katika ndege yaliyolishwa nguruwe. Mwaka 2007 ilitokea Georgia, na yasadikika kwamba ilishuka na taka za meli. Mwaka 2018 ikafika Uchina, na nguruwe wasiohesabika wakafa au wakauawa. Angalia jambo moja katika habari hizi: haikusafirishwa na ngiri. Ilisafirishwa na chakula cha watu.

Chanjo je? Vietnam ilikubali chanjo zitumike nchini mwake mwaka 2023. Lakini chanjo hizo zilitengenezwa kwa kutumia ile aina ya virusi iliyotokea Georgia, ambayo wataalamu waiita aina ya 2. Virusi vilivyopatikana katika nguruwe wa Kenya ni hasa vya aina ya 9 na ya 10. Kwa hiyo mtu akija shambani mwako na kichupa cha barafu akisema ana chanjo ya homa ya nguruwe, mwambie aende zake. Dawa ya kuiponya pia haipo. Si penisilini, si sindano ya rangi ya manjano, si majani ya kuchemsha.

Jambo moja la kukutuliza: homa hii haimpati mwanadamu kamwe. Watoto wako hawamo hatarini. Ni mfuko wako tu.

KWA NINI MEMBLEY IMO HATARINI

Hapa Membley na pande zote za Ruiru, mahali palipokuwa mikahawa kwa mikahawa, sasa ni vipande vidogo. Jirani yako ana nyumba ya ghorofa, nawe una banda lako nyuma ya migomba. Barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa na kumalizika mwaka 2012 yapita karibu. Huku kuna Kahawa Wendani, kule Ruiru mjini, na Nairobi si mbali. Kwa mfugaji wa nguruwe hii ni bahati kubwa. Mabucha ni mengi, hoteli ni nyingi, na kiwanda cha Farmer's Choice kiko Kahawa West. Wafugaji wa mbali hutamani wangekuwa mahali pako.

Lakini njia ipelekayo nguruwe sokoni ndiyo iletayo ugonjwa bandani. Hapa hakuna ngiri wala mashimo ya ngiri. Ukipatwa na homa hii Membley, jua ya kwamba imekuja kwa miguu ya watu, kwa magurudumu, au kwa ndoo.

Ndoo ndiyo mbaya zaidi. Chakula cha nguruwe cha dukani ni ghali, na makombo ya hoteli hupatikana kwa bei ndogo au bure. Hatutakudanganya kwa kusema uache kabisa, maana twajua ya kuwa wengine wenu mkiacha makombo mtaacha nguruwe. Ila fahamu kilichomo. Katika ndoo ile kuna vipande vya nyama ya nguruwe ambayo hukumwona akiwa hai. Virusi vya homa hii huishi katika nyama mbichi, na katika nyama iliyogandishwa kwa barafu huishi miezi mingi, hata miaka. Kuipitisha nyama motoni kidogo hakutoshi.

Kwa hiyo chemsha. Si kupasha moto. Ni kuchemsha katika pipa au sufuria kubwa, itoe mapovu, ukikoroga mpaka chini, muda wa nusu saa kamili kwa saa ya mkono. Na ndoo iliyoleta makombo mabichi isitumike kupelekea yaliyopikwa. Hapo ndipo wengi hukosea: huchemsha vizuri sana, kisha hupakua kwa kopo lile lile lililochotea makombo mabichi asubuhi. Paka ndoo moja rangi nyekundu, hiyo ni ya mabichi, wala isivuke mlango wa banda.

Baada ya ndoo ni dume la kuazima. Mwenye majike wawili hana haja ya kufuga dume wake mwenyewe, hilo ni kweli. Lakini dume atembezwaye toka banda hata banda, au jike apelekwaye kwa dume ndani ya pikapu iliyobeba nguruwe wengine jana, huweza kuleta zaidi ya mimba. Kama hapana budi kuazima, azima kwa mtu mmoja tu ambaye banda lake umelitazama kwa macho yako, na jike akirudi mtenge na wengine wiki tatu. Mahali pengine waganga wa mifugo hupandikiza mbegu kwa mrija. Uliza kama huduma hiyo iko karibu nawe.

Tena kuna wageni. Mnunuzi hupenda kuingia bandani akamshike nguruwe mgongoni kupima mafuta yake. Asubuhi hiyo amekwisha kuwashika wengine katika mabanda mawili matatu. Asiingie. Mtoe nguruwe nje, mnunuzi amwone akiwa upande wa pili wa ua. Si utovu wa adabu. Waweza kumpa chai nyumbani. Na kama una viatu vya mpira vya bandani, vikae bandani, visiende sokoni wala kanisani, wala vya kanisani visiingie bandani.

Wewe usomaye haya ukiwa Kinangop au Ol Kalou, usifikiri ya kwamba hayakuhusu kwa kuwa uko mbali na mji. Vitoto vya nguruwe vinavyouzwa huko hutoka sehemu nyingi, na husafiri katika magunia.

SAA ILE YENYEWE

Sasa turudi kwenye ile asubuhi. Nguruwe mmoja amekufa, wengine wamelala, mchuuzi yu njiani.

Kwanza, chukua kipimajoto. Kila mfugaji yafaa awe nacho, na bei yake si kubwa. Joto la nguruwe mzima ni kama digrii 39. Katika homa hii hupanda hata 41 au 42, mara nyingi siku moja mbili kabla hujaona alama yo yote katika ngozi. Tazama na mambo mengine: wekundu wa masikio, tumbo na miguu, kuhara, pengine na damu, damu puani, kuyumba miguu ya nyuma, majike kutupa mimba. Wengine hufa ghafla hata pasipo alama. Wengi walioonyesha dalili hufa kabla ya siku 10 kwisha.

Pili, mpigie simu Afisa wa Mifugo wa Ruiru, kisha mjulishe mchuuzi kwamba hakuna cha kununua. Kwa mpango huo, usigeuze. Tangu mwaka 2013 kazi ya mifugo iko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo afisa wako ni wa Kaunti ya Kiambu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, yamtaka mwenye mnyama atoe habari mara moja akishuku ugonjwa wa namna hii, na nguruwe huhitaji kibali kabla ya kuhamishwa. Afisa atachukua damu au kipande cha bandama kipelekwe maabara ya Kabete.

Tatu, funga mlango. Asitoke nguruwe, nyama, samadi, wala mbwa mwenye kipande mdomoni. Usimpasue maiti ukitaka kujua kilichomwua. Damu yake imejaa virusi, nawe utaimwaga ardhini itie sumu banda zima. Mzoga uzikwe shimo refu, kama mita mbili, mbali na kisima, na chokaa juu yake. Wenye kipande kidogo ambao hawana pa kuchimba, waulize afisa. Usiutupe mtoni wala kwenye machimbo ya mawe. Mtu mmoja tu awalishe waliobaki, naye asiende kwa nguruwe wa jirani.

Sasa twasema wazi jambo ambalo wakulima hulisema kwa kunong'ona. Wengi hawamwiti afisa kwa kuwa wafikiri atakuja kuua nguruwe wote na kuondoka, nao wabaki na deni la chakula. Hofu hiyo ina msingi. Usitegemee fidia, fanya hesabu zako kama kwamba haipo. Ndiyo maana nusu ya bei ya mchuuzi yaonekana kama mkono wa Mungu.

Lakini fikiri hivi. Kuna maradhi mengine yafananayo sana na homa hii ambayo hupona. Liko moja wataalamu waliitalo erisipelasi. Nguruwe hushikwa na homa ya 41, hulala, hukataa chakula, na ngozi huwa nyekundu. Pengine utaona madoa yaliyoinuka yenye pembe nne, mfano wa uru katika karata. Huyo akichomwa penisilini mapema, kwa kawaida siku ya pili huinuka akala. Mfugaji aliyewauza nguruwe wenye erisipelasi kwa nusu ya bei, kwa hofu ya homa ya nguruwe, amejiibia mwenyewe. Wewe kwa macho huwezi kuyatofautisha, hata sisi hatuwezi siku zote. Kabete waweza.

Na ikiwa ni homa yenyewe? Tuseme umeuza. Mchuuzi amepakia watano. Amechinja usiku nyuma ya nyumba, maana mkaguzi wa nyama angemkataa. Nyama imegawanywa katika vibanda vitatu njiani. Kesho yake makombo ya vibanda hivyo yametiwa ndoo, na ndoo zimekwenda Githurai, na Juja, na mbili zimerudi Membley, nyumba ya tatu kutoka kwako. Pikapu haikuoshwa, na keshokutwa imeenda kuchukua vitoto mahali pengine. Baada ya wiki mbili nguruwe wanakufa pande zote, afisa amefunga soko, na hata aliye na nguruwe wazima hana pa kuwauza. Wewe una zile fedha nusu, lakini huwezi kufuga tena, kwa sababu ugonjwa umekuzunguka. Ungalifunga mlango, ungalipoteza sita. Jirani wasingalipoteza, na baada ya miezi michache ungalipata mbegu kwao.

KUANZA UPYA

Banda lililokufa nguruwe halifai kutiwa wengine wiki ile. Ondoa samadi yote na matandiko, uvizike au uvichome. Sugua kuta na sakafu kwa maji na sabuni mpaka uone saruji yenyewe, maana dawa haiui kitu kilichofichwa na uchafu. Kisha tumia dawa: magadi makali, au dawa ya klorini, kwa kipimo atakachokuambia afisa, nawe uvae glavu na uyalinde macho. Mbao kuukuu zenye nyufa ni bora kuzichoma, na kuta za mawe zenye matundu zizibwe kwa saruji, kwa sababu papasi akiwa mahali hukaa katika nyufa hizo. Yeye hutoka usiku, hunyonya dakika chache, akajificha tena, naye huweza kuvitunza virusi kwa miaka.

Liache banda tupu siku 40 au zaidi. Kisha usinunue kumi; tia wawili. Watazame wiki sita. Wakiwa wazima, ongeza.

MADOGO YANAYOKULA FAIDA KILA MWEZI

Homa ya nguruwe huja mara moja ikaondoka na kila kitu. Lakini kuna maradhi mengine yasiyoleta kilio, nayo ndiyo yanayomfanya mkulima aseme mwisho wa mwaka kwamba nguruwe hawana faida.

Upele ndio wa kwanza. Tazama ndani ya sikio: ukiona magamba ya kahawia kama pumba, hao ni utitiri. Nguruwe hujikuna ukutani mchana kutwa, ngozi hukunjamana, na chakula chote huishia katika kujikuna. Wazee walipaka oili chafu ya gari. Usifanye hivyo, huunguza ngozi, nayo ni sumu. Siku hizi kuna sindano ya ivamektini, ambayo huua utitiri na minyoo mingi pamoja. Wachome wote siku moja, si yule ajikunaye tu, na urudie baada ya wiki mbili. Soma karatasi ya dawa ujue siku ngapi hupaswi kumchinja baada ya sindano. Mama nguruwe achomwe wiki moja au mbili kabla ya kuzaa, ili asiwape watoto upele siku ya kwanza ya maisha yao.

Minyoo, hasa ule mchango mkubwa wa duara, huonekana katika samadi kama tambi nene. Mayai yake huishi ardhini miaka mingi. Watoto wake hupita katika ini, wakaacha mabaka meupe, na mapafuni, ndipo nguruwe akakohoa. Ukiona mkaguzi wa nyama ametupa ini la nguruwe wako, usigombane naye. Nenda ukanunue dawa ya minyoo kwa wale waliobaki.

Sasa vitoto. Hapa ndipo nguruwe wengi hufa kuliko mahali pengine po pote, nasi huona si ugonjwa bali ni bahati mbaya. Kitoto cha nguruwe huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, na maziwa ya mama humpa kama miligramu moja tu kwa siku, hali yeye ahitaji saba. Zamani alipozaliwa msituni aliyapata kwa kufukua udongo. Wewe umemweka juu ya saruji. Baada ya wiki mbili huwa mweupe, manyoya husimama, hupumua kwa nguvu, kisha siku moja huanguka akifukuzwa. Dawa ni sindano moja ya chuma, miligramu 200, siku ya tatu. Ni kitu rahisi kuliko vyote tulivyovitaja katika makala haya, na bado wapo wanaoiacha. Asiye na sindano awawekee kila siku udongo mwekundu safi pembeni, kutoka mahali ambapo nguruwe hawajapita kamwe.

Ruiru iko yapata mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa Julai waujua. Kitoto cha siku moja chataka joto la digrii 30 na zaidi. Asipolipata hujisogeza chini ya mama, na mama akilala, basi. Mpe sanduku lenye majani makavu na taa au jiko lililokingwa vizuri lisiunguze banda, na funga mbao au bomba kuzunguka kuta, kiasi cha shubiri moja na zaidi kutoka chini, ili kitoto kipate pa kukimbilia. Tena hakikisha kila mmoja amenyonya maziwa ya kwanza saa zile zile za kuzaliwa. Maziwa hayo ndiyo kinga yake. Akikosa siku ya kwanza hawezi kuipata siku ya pili. Kuhara kwa vitoto mara nyingi huanzia hapo, katika baridi na njaa na sakafu yenye maji, si katika viini peke yake. Akiharisha mpe maji safi yenye chumvi kidogo na sukari, na daktari aamue kama yafaa dawa nyingine.

Maji. Kuna siku mfereji hukauka, nawe huwapa watu kwanza, nguruwe baadaye. Jike anyonyeshaye huweza kunywa debe zima na zaidi kwa siku. Lakini hatari kubwa ni hii: makombo ya hoteli yana chumvi nyingi. Nguruwe akila chumvi na akakosa maji, ubongo hudhurika. Huzunguka kama kipofu, husukuma kichwa ukutani, huketi kama mbwa na kutetemeka kwa kifafa. Watu husema amerogwa au amelishwa sumu na jirani. Ukimkuta hivyo, usimpe maji mengi kwa pamoja. Mpe kidogo kidogo, kila nusu saa, ukimngoja daktari. Chimba hesabu ya pipa la akiba katika bei ya banda tangu mwanzo.

Mahindi yaliyoota kuvu, ambayo mama hapiki, si chakula cha nguruwe. Twakumbuka mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walikufa kwa sumu ya kuvu katika mahindi. Sumu ile ile huharibu ini la nguruwe, na kuvu nyingine hufanya majike wavimbe sehemu za nyuma kama wataka dume, wala wasishike mimba. Ukiuliza kwa nini jike wako amerudia dume mara tatu, kwanza nusa gunia la mahindi.

Neno kuhusu tegu, kwa kuwa linagusa jikoni mwako. Nguruwe aachwaye kuzurura akala kinyesi cha mtu mwenye tegu hupata vifuko vidogo katika nyama, kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo haijaiva hupata tegu tumboni. Na yule mtu mwenye tegu, mikono isipooshwa, mayai yake yakiingia katika chakula, huweza kumletea mtu mwingine vifuko kichwani, na kifafa. Kwa hiyo choo cha nyumbani ni sehemu ya banda la nguruwe. Wa Membley hamwachi nguruwe wazurure, hilo ni jema. Lakini mfanyakazi wa banda ana choo? Muulize leo.

KITU CHA KUFANYA JIONI HII

Nunua kipimajoto ukipitia Ruiru. Kwa siku saba pima nguruwe mmoja kila jioni, ukiandika katika daftari, mkono wako uzoee kazi hiyo na nguruwe wazoee mkono wako. Na namba ya simu ya Afisa wa Mifugo usiitie katika simu tu, maana simu huisha moto na huibwa. Iandike kwa rangi juu ya mlango wa banda, upande wa ndani, mahali ambapo mwenye debe la chakula ataiona alfajiri kabla hajaona kitu kingine.